Mafunzo ya wakunga yahamie leba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuseme jambo kuhusu namna wakunga na wauguzi wa Dar es Salaam wanavyoendelezwa baada ya kumaliza chuo. Sisi tunafundisha wakunga kazini, na tunaamini sehemu kubwa ya fedha za mafunzo inatumika mbali na mahali mama anapojifungulia.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Ni hatua kubwa, na waliohangaika kuifikia wanastahili heshima. Lakini tafiti hizohizo zinaonyesha vifo vya watoto wa chini ya mwezi mmoja vilitoka 25 kwa kila vizazi hai 1,000 hadi 24 tu, wakati kujifungulia kituoni kulipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Mama ameitikia wito, amefika. Swali ni nini anakikuta hapo saa nane usiku.

Semina tunazozijua huchukua siku tatu hadi tano, ukumbini, kwa posho na cheti. Anayechaguliwa mara nyingi ni yule anayeweza kuondoka bila zamu kuyumba, kwa hiyo wa zamu za usiku hubaki nyuma. Aliyekwenda akirudi, baada ya miezi michache anahamishiwa kliniki ya wagonjwa wa nje katika mzunguko wa kawaida wa watumishi, na alichojifunza kinaondoka naye.

Ushahidi wa njia bora tunao hapahapa nchini. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilifundisha watumishi wake kwa siku moja jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga apumue. Miezi saba baadaye walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini huduma kwa watoto halisi haikubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000.

Zoezi lenyewe ni la dakika kumi, wakati wa kupokezana zamu. Panahitajika mwanasesere, mfuko wa kupumulisha, barakoa namba 0 na namba 1, na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Mmoja anafanya, mwenzake anaangalia na kuhesabu. Mtoto akaushwe na kusuguliwa mgongo, njia ya hewa isafishwe kama ina uchafu, na asipopumua aanze kupewa hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha, pumzi kama 40 kwa dakika, kifua kikionekana kuinuka. Makosa yanajirudia: barakoa haijakaa vizuri na hewa inavuja pembeni; shingo imekunjwa nyuma kupita kiasi; mkunga anaendelea kunyonya kamasi wakati mtoto anahitaji hewa. Makosa haya huyaoni kwenye slaidi. Unayaona pale mwenzako anapokuambia, "Sista, kifua hakipandi."

Damu inayotoka baada ya kujifungua nayo inataka mazoezi ya namna hiyo. Ikikadiriwa kwa macho, huku nyingine imenyonywa na kanga na nyingine iko sakafuni, karibu kila mara inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, matokeo yake yakatolewa 2023, ulitumia plastiki ya kukinga damu yenye mistari ya mililita 300 na 500, pamoja na hatua zinazofanywa kwa mfululizo bila kusubiriana: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza mfuko huo, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, dripu, kisha kukagua chanzo cha damu na kuita msaada. Kutokwa damu kupita kiasi kulitambuliwa kwa wanawake 93 kati ya 100 waliokuwa na tatizo hilo, dhidi ya 51 katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60.

Sasa tazama kinachokwamisha hatua hizo. Traneksamiki, gramu moja kwa dakika kumi, inatakiwa ndani ya saa tatu tangu mtoto azaliwe, nayo iko stoo ya dawa na mwenye ufunguo amekwenda nyumbani. Oksitosini inahitaji nyuzi joto 2 hadi 8, nayo imeshinda kwenye trei katika joto la jiji hili. Mkunga stadi hawezi kutibu kwa ufunguo asio nao. Haya ni mambo ya uongozi, na muuguzi kiongozi wa leba hupewa cheo kwa ukongwe au uhodari wa kuzalisha, bila kufundishwa kuongoza.

Afundishwe kupanga zamu ili kila moja, hata ya Jumapili usiku, iwe na watu wawili waliofaulu zoezi la mwanasesere mwezi huo. Afundishwe kukabidhi trei ya dharura kwa saini, na kuteua mapema nani atapiga 115 kuomba usafiri wa m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, huku wengine wakibaki na mgonjwa. Zaidi ya yote afundishwe kuongoza kikao cha mapitio ya kifo. Kikao kikianza kwa kuuliza nani alikuwa zamu, partografu, yaani chati za kufuatilia uchungu, zitajazwa baada ya tukio na ukweli utapotea. Kianze kwa kuuliza dawa ilikuwa wapi na ilichukua dakika ngapi kumfikia mama. Mkunga kijana naye awe na haki ya kumwambia daktari kwamba damu imevuka mstari wa 300, bila kukaripiwa.

Tunaziomba halmashauri za mkoa huu mambo matatu. Aliyefundishwa asihamishwe leba kabla ya miaka miwili. Mipango ya vituo, inayoandaliwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, iwe na fungu la wanasesere, barakoa na mkunga mkufunzi wa kuzunguka. Na vifaa vya kwanza vianzie vituo vya afya wanakojifungulia akina mama wengi, kabla ya hospitali za rufaa. Kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, tunaomba mazoezi ya wodini yaliyosainiwa na msimamizi yawe na uzito sawa na semina mkunga anapohuisha leseni yake.

Tunajua jibu litakuwa kwamba wakunga ni wachache na hawana muda. Ni wachache kweli, na waongezwe. Lakini semina inamtoa mkunga wodini siku tatu hadi tano. Zoezi hili linamtaka dakika kumi, akiwa palepale.

Wakunga wakufunzi,
Dar es Salaam