Barua ya wazi kwa mnaojenga nyumba za kupangisha pembezoni mwa Nairobi

Ndugu zangu na wanangu wa Ruiru, Juja, Kitengela, Rongai, Mlolongo na Ruai,

Salaam nyingi. Nawaandikia ninyi, si gavana wala waziri, kwa sababu ninyi ndio mnaolijenga jiji hili siku hizi. Kazi zikiongezeka Nairobi, anayezipata analala kwenu. Kijana anayeuza dukani Westlands, bawabu wa usiku kule Upper Hill, binti anayefunga mizigo kwenye maghala ya Mombasa Road, wote wanapanda matatu alfajiri wakitoka kwenye ploti zenu na kurudi humo giza likishaingia. Hakuna anayewapa heshima ya kazi hiyo, wala hakuna anayewadai wajibu wake. Mimi leo nawaheshimu, na nawadai.

Mji huu ulianza 1899 kama kituo cha reli, na tangu hapo kazi imetangulia, nyumba zikifuata nyuma. Reli ilijengea watu wake Muthurwa na Makongeni. Baraza la jiji likajenga Kaloleni, Ziwani, Bahati, na baadaye Jericho. Nimekulia Eastlands na sitawadanganya kwamba ilikuwa pepo. Mitaa mingi mkoloni aliijenga iwe vyumba vya mwanamume mmoja aje afanye kazi, mkewe na watoto wabaki mashambani. Hata hivyo, mtu wa Kaloleni alitembea kwa miguu hadi Industrial Area, akafika kazini bila kulipa nauli. Palikuwa na bomba la maji, mfereji wa maji taka, shule, ukumbi na uwanja wa watoto. Aliyejenga chumba alijua kwamba ana deni la kujenga na mtaa.

Mwaka 1969 Nairobi ilikuwa na watu kama 509,000. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu milioni 4.4. Baraza lilikuwa limeacha kujenga zamani, na watu wakafurika nje ya mipaka: Kajiado ilitoka watu 687,000 mwaka 2009 hadi zaidi ya milioni 1.1 mwaka 2019, na Kiambu ikaongeza karibu 800,000 katika miaka hiyo hiyo kumi. Barabara ya Thika ilipozinduliwa 2012 na njia zake nane, mashamba ya kahawa yakazidi kukatwa ploti za futi hamsini kwa mia. Nani aliwapokea watu hao? Ni mwalimu mstaafu mwenye mkopo wa Sacco, mama mwenye duka, nesi aliye ng'ambo anayetuma pesa za mawe na simiti kila mwisho wa mwezi. Asanteni sana. Bila ninyi watu hawa wangelala wapi?

Sasa nisikizeni kuhusu maji, maana hapo ndipo ninapokosa usingizi. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na hata walio ndani ya jiji hupewa kwa zamu. Bomba hilo halijawafikia wengi wenu, kwa hiyo kila mmoja amechimba kisima chake, na hatua chache kutoka kisimani amechimba shimo la maji taka. Jirani naye amefanya vivyo hivyo upande wa pili wa ukuta. Maji ya ardhini yanazidi kushuka, na sehemu nyingi za huku yana floridi nyingi, ile inayoacha meno ya watoto na rangi ya kahawia maisha yao yote. Floridi haionekani wala haina harufu, na ukichemsha maji haitoki. Kwa nini wenye ploti kumi wasichangie kisima kimoja kirefu, chenye kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, maji yakapimwa maabara, na mpangaji akaonyeshwa majibu kabla hajalipa dipoziti? Ni gharama, najua. Lakini visima kumi vifupi navyo vina gharama yake, na anayelipa ni mtoto ambaye hakuulizwa.

Kuhusu ghorofa nitasema machache. Udongo mweusi wa Kitengela na Mlolongo huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Chimba mpaka ufikie mwamba. Usiongeze ghorofa ambayo msingi haukuandaliwa kuibeba. Huruma, Aprili 2016, jengo lililosimama kando ya mto liliporomoka usiku wa mvua likaua zaidi ya watu 40. Walikuwa wapangaji, wamelipa kodi yao.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likisemwa. Wengi wenu mnamkataza mpangaji kuweka cherehani, kukaanga maandazi au kuuza mboga langoni. Ukiondoa ukulima mdogo, zaidi ya kazi 8 katika kila 10 nchini ni za jua kali. Mpangaji akipata riziki hapo hapo kwenye ploti, haachi saa nne za siku kwenye foleni, wala mshahara wake hauliwi na nauli inayopanda kila wingu likitanda. Kodi yako pia utaipata kwa wakati. Acheni vyumba vya chini vya mbele viwe vya biashara ndogo, na mmoja wenu kwenye kila barabara atoe nafasi ya chekechea.

Halafu barabara. Ramani ilipotoka, barabara ilikuwa na upana wa mita tisa. Mmoja akasogeza ukuta kidogo, wa pili akaongeza kibaraza, wa tatu akamwaga mchanga ambao mpaka leo haujaondoka. Leo lori la kunyonya maji taka halipiti, na moto ukizuka gari la zimamoto halitapita.

Kabla ya masika, wenye ploti wa barabara moja kaeni pamoja, mwiteni sorveya, tafuteni bikoni, zile alama za mipaka, zilikokuwa. Aliyejenga kwenye hifadhi ya barabara avunje mwenyewe, asingoje tingatinga. Na kama ni wewe mwenye lango kubwa kuliko wote mtaani, anza wewe.

Mzee wenu,
Eastlands, Nairobi