Nipimie feri, shoga yangu

Magomeni, Desemba

Shoga yangu,

Salama huko Likoni, Mombasa? Mama miguu yake inaendeleaje? Mpe shikamoo yangu na umwambie zile kanga nilizomwahidi zipo kabatini, zinasubiri tu mtu wa kuja huko. Najua nimekaa kimya tangu Iddi, usininunie. Mwaka huu umenipeleka puta, kila nikishika simu nikuandikie naona mambo ni mengi mno naishia kuiweka chini. Leo mvua imenyesha, mtaa mzima maji, ofisini nipo peke yangu, chai ipo, basi nakumwagia yote.

Mwaka huu tumetoa vitabu vitatu vya hadithi za upelelezi. Tulipanga vitano si unakumbuka, nilikutajia mwenyewe mwezi wa kwanza kwa mbwembwe zote. Kile cha mochwari kimeenda vizuri sana, nakala 500 zimeisha kabla ya Agosti na bado watu wanaulizia. Cha machimbo kinatembea polepole. Cha mjane ndo kilichonitoa jasho, na hicho nataka nikusimulie maana sijamwambia mtu mwingine kwa urefu.

Mzigo ulifika Alhamisi. Nikafungua boksi, jalada limetoka vizuri, karatasi nyeupe, nikakinusa kitabu kama mtoto mchanga, nikapiga picha nikaweka status, na kesho yake nikapeleka stendi Mbezi oda za mikoani zote. Jumapili usiku simu inaita, dada mmoja wa Singida, hata salamu hakumaliza, "dada mbona kurasa zinarudi nyuma?" Nikachukua cha kwangu nikaangalia, kipo sawa. Nikachukua kingine, sawa. Cha nne nikafika ukurasa wa 144, nafunua, naona 129. Kile kipande cha kurasa 16 kimewekwa mara mbili na kinachofuata hakipo kabisa, kuanzia 145 mpaka 160, na wewe umekisoma unajua 145 mpaka 160 kuna nini. Ndo pale mjane anafungua sanduku!

Nikaita mtoto wa dada, tukakaa chini sakafuni mpaka saa tisa usiku, vitabu vyote vilivyobaki, kimoja kimoja, unafunua 145, unaweka kushoto au kulia. Vibovu 22. Na kwenye vile nilivyokwisha tuma ikaja kuonekana vingine 41. Wenye mtambo wa kuchapa baada ya kuvutana sana walikubali kurudia hizo nakala 63 ila nauli za kwenda na kurudi zikawa juu yangu, na ndo iliyokula faida yote ya kitabu. Lakini shoga sikuumia hela kama nilivyoumia wale watu. Mtu ametoa elfu kumi na mbili zake, kakaa na kitabu siku mbili, anajua kabisa kuna kitu kwenye lile sanduku, afu unamrudisha kwenye msiba aliokwisha usoma.

Nikampigia kila mmoja. Wenye simu kubwa nikawatumia picha za zile kurasa usiku uleule. Kuna mzee mmoja Korogwe ana kale kasimu ka tochi, picha haziingii, nikamwambia mzee subiri, nikamsomea. Kurasa 16, kwenye simu, nasoma, yeye kimya kabisa mpaka mara mbili nikauliza mzee upo, ananijibu "nipo, endelea." Nilipomaliza akavuta pumzi akasema, "mimi nilimshuku kaka mtu." Nikalia, nakwambia ukweli. Tangu hapo mzee ananunua kila kitu tunachotoa, na mimi nikipitia mswada wowote namfikiria yeye.

Ya PDF sitaki hata kuandika sana. Kile cha mochwari kinazunguka kwenye magrupu, mtu alikipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na kwenye ukurasa wa 88 kidole gumba chake kinaonekana pembeni, kucha imepakwa rangi nyekundu. Nimekiangalia hicho kidole mpaka nimekikariri. Nilikopata hiyo PDF ni kwa msomaji aliyenipigia kunipongeza, hakujua kabisa kama amefanya kosa, na mwisho akaniuliza lipa namba yetu akalipa. Basi.

Sasa vile viwili ambavyo havikutoka, hivyo nimevizuia mwenyewe, na hapo ndo watu walininunia. Nikusimulie kimoja. Mwezi wa tano nilimpata mzee mmoja mpelelezi mstaafu, jirani wa mjomba, nikampa ule mswada wa mwalimu wa Kondoa asome tu. Karudi baada ya wiki na penseli sikioni, kila ukurasa una alama. Kijana kakatwa panga, kafikishwa hospitali, katibiwa, kashonwa, anarudi nyumbani, mzee kaandika pembeni "PF3 iko wapi?", yaani ile fomu ya polisi ya majeruhi. Mtuhumiwa wa mauaji kapelekwa Mahakama ya Mwanzo, kasomewa shtaka, kakana, kapewa dhamana, yupo mtaani anatafuta ushahidi wa kujisafisha. Mzee akaniambia mama, hapa Tanzania mauaji hayana dhamana, tena si Mahakama ya Mwanzo, hakimu wa wilaya au mkazi anamsomea tu na anamwambia asijibu lolote, kesi yenyewe ni ya Mahakama Kuu, kijana wako huyu yupo mahabusu miezi na miezi anaambiwa upelelezi haujakamilika. Nikabaki natazama mswada, maana nusu nzima ya kitabu imejengwa juu ya ile dhamana!

Mwalimu alikasirika, akasema ni hadithi tu, wasomaji hawajui. Nikamwambia wanajua, nusu yao wana ndugu aliyewahi kupita mahabusu. Wiki tatu hapokei simu. Afu Septemba akanitumia upya, na shoga, ni kitabu kingine kabisa. Sasa jamaa yupo ndani kweli, na anayepeleleza ni mkewe, anampelekea chakula, wanaongea dakika chache mbele ya askari na kila neno wanalosema linabeba mambo mawili. Kinatoka Machi, na mzee wa penseli ameahidi kukaa na waandishi wetu wote siku mbili mwakani awaeleze nani anafanya nini, OC-CID, yule mkuu wa upelelezi wa wilaya, kazi yake ipi, RCO wa mkoa anaingia lini, daktari anaandika nini.

Kingine cha mwakani, nakiombea sana, ni kurudisha vya zamani. Hizi hadithi zetu zina umri, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilitoka 1960, na baadaye Ben Mtobwa mpaka akaanzisha kampuni yake ya Heko, lakini nenda leo kutafuta vya miaka ya 70 na 80, vingi utavikuta kwenye meza za mitumba Posta, havina jalada, kurasa za mwisho zimefungiwa karanga. Kuna kimoja nimekipenda, mwandishi keshafariki, na sheria inalinda kazi yake miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo lazima warithi wakubali. Warithi wapo saba. Watano wameweka saini, wa sita yupo Sumbawanga anasema atafikiria, wa saba hataki kuongea na wa nne. Nitaenda Sumbawanga mwenyewe Februari, kwa basi, nikae nao uso kwa uso, maana haya mambo ya mirathi kwenye simu hayaendi.

Na sasa nakuja kwako. Ule mswada wa feri, wa kijana wa Tanga, nimekutumia jana na mtu wa basi kupitia mpakani Horohoro, ataupeleka dukani kwa shemeji. Ni mzuri, mzuri haswa, ila kijana kavuka Likoni mara mbili tu maishani. Watu wake wa Mombasa wanaongea kama watu wa Chumbageni kwao Tanga, nakuomba uwarudishie Kimvita chao. Kaandika PF3, kwenu si P3? Na mpelelezi wake wa DCI, idara ya upelelezi ya huko Kenya, anaitwa kwa vyeo vya huku kwetu. Hayo utayaona mwenyewe.

Kubwa ni ukurasa wa 61. Muuaji anashuka kwenye gari feri ikishaondoka ng'ambo, anapanda juu, anafanya alichofanya, ananawa, anarudi kwenye gari kabla mlango haujashushwa upande wa pili. Kijana kampa dakika 20. Mimi naona nyingi, lakini wewe ndo unavuka kila siku kwenda kufundisha. Nipimie kwa simu, siku tatu, asubuhi na jioni, anza feri inapoachia nchi kavu, ukomeshe inapogusa. Usikisie. Kama hazifiki tutamhamisha yule marehemu, na kumhamisha maana yake sura nne zinaandikwa upya, ndo maana nataka kujua kabla ya Januari kumi.

Wako,
wa Magomeni