Barua kwa mwanangu kabla hajahamia Mpanda

Mwanangu mpendwa Rehema,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mume wako na mjukuu wangu. Huku Korogwe hatujambo, isipokuwa baba yako ambaye goti linamsumbua na hataki kusikia habari ya hospitali, tabia ambayo naona umeirithi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikigusa jambo hili hunijibu, "Nitakwenda, mama," kisha unaniuliza bei ya mchele. Umeshatimiza miaka 31, na wanawake wa miaka 30 hadi 50 hutakiwa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi hata kama hawaumwi popote. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi huanza mapema zaidi na hupimwa mara nyingi zaidi. Sasa uhamisho wako umetoka, na nataka upimwe ukiwa bado Dar es Salaam. Sisemi kwamba Mpanda hakuna hospitali, nasema nakufahamu. Utafika, utapanga nyumba, utakabidhiwa darasa la mitihani, na mwaka utakwisha ukiwa bado unaniambia "nitakwenda".

Ya shangazi yako sitayarudia, maana wewe ndiye uliyekuwa ukimsindikiza hospitali ya saratani ya Ocean Road. Nakuomba tu usichanganye vipimo alivyofanyiwa yeye na hiki ninachokutuma. Yeye alikwenda tayari anatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, akakatwa kipande kidogo cha nyama ili ijulikane ugonjwa ni upi na umefika wapi. Hiki chako ni cha mtu asiye na dalili, na kinatafuta mabadiliko ambayo bado hayajawa saratani. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na virusi vya HPV, na kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 tangu maambukizi mpaka saratani yenyewe, muda ambao mwili unaweza kukaa kimya kabisa. Kwa hiyo ukiniambia kwamba hujisikii vibaya, hujanijibu.

Umemwambia dada yako kwamba unaogopa vyuma. Basi nikueleze, maana mimi nimepitia. Nenda siku ambayo huna hedhi, na kwa siku mbili kabla yake usishiriki tendo la ndoa, usijisafishe kwa ndani wala usiweke dawa yoyote ukeni. Vaa dera au sketi pana, utavua nguo ya ndani tu. Utaulizwa kwanza maswali: hedhi ya mwisho ilikuwa lini, umezaa mara ngapi, ulianza kujamiiana ukiwa na umri gani, umepima VVU au hujapima. Sema kweli, kwani majibu yako humsaidia mhudumu kujua afuate utaratibu gani. Ukitaka mhudumu wa kike, omba. Mimi niliomba na hakuna aliyenishangaa.

Kisha utalala chali kitandani, magoti juu, na mhudumu ataingiza taratibu kifaa cha kupanulia uke ili auone mlango wa kizazi. Utahisi kubanwa, na ukikaza mapaja utahisi zaidi, kwa hiyo legeza mwili na upumue polepole. Kikikuumiza, sema, asimame. Atapaka siki maalumu kwa pamba, asubiri kama dakika moja, halafu aangalie kwa taa, kwa sababu sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Inaweza kuwasha kidogo. Kazi yote haifiki robo saa, na majibu unapewa hapo hapo. Nyumbani kwetu mambo ya namna hii yalikuwa yakiachiwa bibi ayaseme, na bibi naye alikuwa akicheka tu, hivyo siwezi kukulaumu sana kwa aibu uliyonayo. Lakini kwa kuchelewa nakulaumu.

Vipo vituo vinavyopima virusi vyenyewe, ambako unaweza kupewa kijiti chenye pamba ujichukulie sampuli mwenyewe ukiwa peke yako. Ikiwa ni hivyo, majibu huenda yakachelewa. Acha namba ya simu utakayokuwa nayo Mpanda, na usiondoke bila kujua yatakufikiaje, kwa maana kupima na kutofuata majibu ni sawa na kutokwenda.

Wakiona weupe, usinipigie simu ukilia. Weupe huo si hukumu ya saratani. Mara nyingi huunguzwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi siku hiyo hiyo, na maumivu yake hufanana na ya hedhi. Baadaye utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na utaambiwa uache tendo la ndoa kwa muda wa mwezi mmoja hivi ili kidonda kipone. Eneo likiwa kubwa, utapewa rufaa, na hapo ndipo nitapanda basi nije.

Jambo jingine, na hili nalisisitiza kama mtu aliyeona ndoa za watu. Ukiambiwa una HPV, usirudi nyumbani na maneno. Wengi wetu tuliowahi kujamiiana huvipata virusi hivi wakati fulani, mara nyingi mwili huviondoa wenyewe, na vinaweza pia kukaa kimya miaka mingi. Karatasi ya majibu haiwezi kukuambia nani alivileta wala lini. Mume wako ni mtu mwema; mweleze kabla hujaenda, akusindikize.

Mdogo wako Neema amechomwa chanjo ya HPV shuleni, dozi moja tu, kama inavyotolewa sasa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Jirani alikuja kunitisha kwamba itamharibia uzazi, nikamwambia anywe chai yake. Wewe chanjo hiyo ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 ulikuwa umeshapita umri, kwa hiyo kilichobaki kwako ni kupimwa. Neema naye akikua atapimwa, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote za virusi hivyo.

Pesa ya bati imefika na fundi anakuja Jumamosi. Mwezi huu usitume nyingine, ifanye nauli ya kwenda kupimwa. Mimi kwenye kituo cha serikali sikutozwa, lakini wakikutoza niambie. Mtoto mwache kwa dada yako Mbagala, nimeshaongea naye. Ukitoka huko nitumie picha ya kadi ikionyesha tarehe ya kurudi, maana hata siki isipoonyesha kitu utatakiwa kurudia baada ya miaka 3, nami nitaiandika kwenye kalenda ya jikoni. Na godoro lako la zamani nimempa binamu yako anayeanza maisha, usininunie.

Mama yako