Barua kwa Ambakisye kuhusu matairi ya Premio

Morogoro,
8 Novemba 2025.

Ndugu yangu mpendwa Ambakisye,

Salamu nyingi zikufikie huko Tukuyu, wewe, shemeji na watoto wote. Sisi huku hatujambo, na maandalizi ya harusi ya binti yetu yanakwenda vizuri. Mama yake ameshawatengea chumba, kwa hiyo habari ya kulala nyumba ya wageni usiirudie tena.

Nimeusoma ujumbe wako pamoja na zile picha za matairi uliyoyaona Mbeya. Nilitaka kukupigia simu siku ileile, lakini nikaona jambo lenyewe ni refu, na sipendi ulisikie nusunusu huku mtandao ukikatika. Nimeamua kukuandikia ili uisome barua hii kwa utulivu na, ikibidi, uende nayo dukani. Nianze na jibu lenyewe: ndugu yangu, hayo matairi manne yaliyotumika kutoka Japani usiyanunue. Kwa fedha hiyohiyo, au kwa kuongeza kidogo, nunua mawili mapya ya kipimo cha hiyo Toyota Premio yako, uyafunge nyuma, na yale mawili ya nyuma uliyonayo sasa uyahamishie mbele.

Najua utajiuliza kwa nini nakataa kitu ambacho kashata zake, yale matofali ya mpira yanayogusa barabara, ni nene kiasi kile. Hilo ndilo lililoniponza mimi. Mwaka 2021 nilinunua matairi manne ya namna hiyohiyo, meusi yanayong'aa, kashata zimesimama kama mapya, na muuzaji akanipigia ngumi juu yake kunionyesha ugumu. Mwezi Aprili 2022, nikitoka Chalinze kurudi nyumbani saa nane mchana, nilisikia mlio wa kupigapiga chini ya gari, mara usukani ukaanza kutetemeka, na kabla sijafika pembeni ngozi yote ya juu ya tairi la nyuma kushoto ilikuwa imebanduka. Nilikuwa na mama mzazi kwenye kiti cha nyuma. Tulisimama salama kwa rehema za Mungu, nikarudi kwa miguu kuiokota ile ngozi iliyokuwa imejikunja barabarani kama ganda la muhogo. Kashata zake zilikuwa nzima kabisa. Nilipochuchumaa nikafuta vumbi ubavuni mwa tairi, upande wa ndani ambao sikuwahi kuutazama, nikakuta tarakimu nne: 0912.

Tarakimu hizo ndizo ninazotaka uzijue kuliko kitu kingine chochote katika barua hii. Matairi mengi yana maandishi yanayoanza na herufi DOT, na mwishoni mwake kuna kifungu cha tarakimu nne, mara nyingi kikiwa ndani ya umbo kama yai. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Langu lilitengenezwa wiki ya 9 ya mwaka 2012, maana yake lilipopasuka lilikuwa na umri wa miaka 10, na siku naliuziwa lilikuwa na miaka 9. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo, kwa sababu hewa na joto vinaukausha taratibu na kulegeza mshikamano wake na nyaya za chuma zilizomo ndani. Uzee huo hauonekani kwa juu, hasa muuzaji akishapaka ile polishi nyeusi. Watengenezaji wengi wenyewe wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe kabisa likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kashata zipo. Mara nyingi kifungu hicho chenye tarehe huwekwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipokiona mwambie muuzaji aligeuze tairi. Akisita kuligeuza, shukuru uondoke.

Katika picha zako nimekuza moja hadi nikaona neno STUDLESS ubavuni. Matairi hayo yametengenezwa kwa ajili ya kuendesha juu ya theluji na barafu wakati wa baridi kali. Mpira wake ni laini makusudi, na kila tofali la kashata limechanjwa vichanjo vyembamba vingi, ambavyo wewe umevisifia kwamba ni urembo. Kwenye lami yenye joto la kwetu mpira huo unalika upesi, na gari linachelewa kusimama, hasa lami ikiwa imelowa. Siyo tairi bovu, ila limetengenezewa nchi nyingine na majira mengine.

Sasa habari ya kipimo, kwa maana hapo muuzaji amekudanganya kwa jambo linaloweza kuhesabika, na wewe ni mwalimu wa hesabu. Tairi lako limeandikwa 195/65R15 91H. Nambari 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, R inaeleza namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Ukipiga hesabu, ubavu ni milimita 126.75, ambao ukihesabiwa mara mbili na kujumlishwa na milimita 381 za ringi unapata kipenyo cha milimita 634.5. Yeye anataka akufungie 205/70R15, akisema yatalinyanyua gari lisigonge mawe ya njia ya shambani. Piga hesabu ileile, utapata milimita 668. Tofauti ni 33.5, lakini gari linanyanyuka kwa nusu yake tu, yaani milimita zisizofika 17, ambazo ni unene wa kidole. Kwa kidole hicho kimoja, spidomita yako itasoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 5, ukidhani unakwenda 80 kumbe umevuka 84, na ukiwa umepakia watu ukakata kona, tairi litasugua madigadi kwa ndani. Baki na kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Wahandisi walioliunda gari walikwisha kufikiri kwa niaba yetu.

Hiyo 91 nayo usiipuuze, ingawa wauzaji wengi hawaitaji. Ni alama ya uzito: 91 maana yake tairi moja linaweza kubeba kilo 615, na 84 maana yake kilo 500. Herufi inayofuata ni ya mwendo, ambapo H ni kilomita 210 kwa saa na T ni 190, na kwa barabara zetu hakuna anayestahili kufika huko, kwa hiyo herufi hiyo isikupotezee usingizi. Uzito ndio unaotuhusu sisi. Ninakufahamu, Ambakisye. Mtakuja watu watano, na nyuma kutakuwa na mikungu ya ndizi, viazi, na bila shaka maharage ya mama mkwe. Ukipewa tairi lenye nambari ndogo kuliko 91, kataa, hata kama vipimo vingine vyote vinafanana.

Umeniuliza pia kama kuna haja ya kubadilisha sasa au unaweza kusogeza hadi baada ya sikukuu. Chukua njiti ya kiberiti, ichomeke ndani ya mfereji wa kashata katikati ya tairi, weka alama kwa ukucha pale mpira unapoishia, kisha uipime kwa rula ya mtoto. Tairi jipya la gari dogo huwa na takriban milimita 8. Ndani ya mifereji utaona vituta vidogo vya mpira. Kashata zikilika hadi kulingana navyo, zimebaki milimita 1.6, na hicho ndicho kikomo kinachotambuliwa katika nchi nyingi. Lakini wewe unaishi Tukuyu, ambako mvua hazitanii. Kazi ya ile mifereji ni kuyapitisha maji yaliyo chini ya tairi, na yakikosa pa kupita gari linaelea juu ya maji kama mtumbwi, usukani unakuwa mwepesi mkononi na breki hazishiki kitu. Kwa mvua za kwenu mimi nisingesubiri kushuka chini ya milimita 3. Hayo ya mbele, kwa picha ulizonitumia, ni vipara. Usisogeze. Na asije mtu akakushawishi kwamba yanaweza kuchongwa upya kwa kisu cha moto ili yapate mifereji. Nimemwona kijana mmoja akiifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, mkono wake hautikisiki, lakini anachokichonga ni ule mpira mwembamba unaozifunika nyaya.

Nakuja kwenye jambo ambalo fundi wako atabishana nawe, nami naomba usikubali kushindwa. Atakwambia matairi mapya yafungwe mbele, kwa sababu Premio inavuta kwa miguu ya mbele na usukani uko mbele. Inaingia akilini, na mimi niliiamini kwa miaka mingi. Fikiria lakini zile kona za kati ya Isongole na Kiwira siku ya mvua. Tairi za mbele zikiteleza, gari linakwenda moja kwa moja badala ya kukata kona. Utashtuka, utaachia mafuta, gari litapungua mwendo na usukani utarudi. Za nyuma zikiteleza, matako ya gari yanataka kupita mbele, gari linazunguka, na dereva wa kawaida kama mimi na wewe hana muda wala mazoezi ya kulirudisha. Ndiyo maana yenye kashata nyingi yanafaa kukaa nyuma. Yale mawili uliyoyanunua mapya mwaka 2022, ambayo umeniambia yamebaki na milimita 5, yatafaa mbele. Mbele ndiko matairi yanakolika haraka, kwa hiyo hayo yatakwisha kwanza, na siku hiyo utayasogeza ya nyuma kwenda mbele na kununua mengine mawili ya nyuma.

Hayo mawili mapya yawe pacha: jina moja, kashata za aina moja, kipimo kimoja, na tarehe zisipishane sana. Jina gani? Hapo sitakufunga. Nakumbuka tulivyokuwa tukinunua General Tyre za Arusha bila kuuliza swali, na kiwanda kile kilipoacha kuzalisha mwaka 2009 nilisikitika kama nimepoteza jirani. Leo maduka yamejaa majina ambayo mengine hata hayatamkiki, na katika hayo yapo mazuri. Tairi la jina lisilo maarufu lililotengenezwa mwaka huu, lenye kipimo sahihi na 91 yake, ni bora kuliko la jina kubwa lililokwisha kuzeeka. Omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na mwambie muuzaji akuandikie zile tarakimu nne pembeni yake.

Siku ya kufunga, simama pale pale usiende kunywa chai. Fundi abadilishe vali za mpira, kwa sababu vali ni kitu cha bei ndogo na ikipasuka tairi jipya halikusaidii. Kama ubavuni kuna mshale, uelekee mbele gari linapokwenda. Kama kuna neno OUTSIDE, lionekane kwa nje. Apime balansi, yaani uwiano wa uzito wa kila gurudumu, kisha upelekwe alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, maana vipara vyako vimelika zaidi upande wa ndani, na usiporekebisha hilo matairi yoyote utakayofunga mbele yatakufa vilevile. Kesho yake, ukishatembea kilomita 50 hivi, kaza nati tena.

Kuhusu upepo, fuata kile kibandiko cha mlangoni. Kikisema kPa 230, hiyo ni PSI 33 kwenye geji ya fundi. Upime asubuhi gari likiwa halijatembea. Ukishuka Kitonga na kufika Ruaha Mbuyuni, kule kwenye joto, atatokea mtu akubonyezee tairi na kusema upepo umezidi, upunguze. Usipunguze. Upepo unapanda tairi likipata moto, na hilo lilikwisha kuzingatiwa. Tairi lenye upepo mdogo ndilo linaloungua, kwa sababu ubavu wake unajikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na tairi la kipimo chako huzunguka takriban mara 500 kwa kila kilomita. Kutoka kwako hadi kwangu ni zaidi ya mara laki tatu.

Karibu nisahau tairi la akiba. Litoe chini ya zulia la buti, lisome tarehe yake kama hayo mengine, na ulijaze upepo. La kwangu siku ile ya Chalinze lilikuwa limelala kabisa, tukasubiri jua linazama ndipo dereva wa lori akatusaidia pampu.

Ukifika dukani, nipigie picha tatu: kibandiko cha mlangoni, ubavu wa tairi wenye kipimo, na zile tarakimu nne. Nitakuwa karibu na simu Jumamosi yote, na usitoe fedha kabla sijakujibu.

Msalimie sana shemeji, na umwambie mama mkwe maharage tunayasubiri.

Wasalaam,
ndugu yako,
Idrisa