Harambee ya maji na vyoo: safari hii tuchange na akiba ya matengenezo

Ndugu wazazi na walezi, wanafunzi wetu wa zamani, majirani na marafiki wote wa shule,

Juu ya meza ya kamati kuna kipande cha mpira mweusi kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Kimelika upande mmoja, na ukikikunja unaona nyufa. Ni mpira wa pistoni ya pampu yetu. Kwa sababu ya kipande hiki, kisima ambacho wengi wenu mlikichangia kikachimbwa kilikaa bure mihula miwili. Maji yalikuwepo chini. Watoto walipokezana mpini, ukawa unapanda na kushuka mwepesi kama hauna kazi, na mdomo wa bomba ukatoa matone tu.

Mipira ya pampu za mkono huchakaa. Ndivyo zilivyoundwa, na kuibadilisha ni kazi ya mtu wa kawaida aliyefundishwa na mwenye spana. Sisi hatukuwa na mpira wa akiba, hatukuwa na aliyefundishwa, na hatukuwa tumetenga hata senti. Siku ya uzinduzi tulikata utepe, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani. Kosa hilo ni la kamati, na tumeona tuliseme kabla hatujawaomba chochote.

Pampu ilipopona, ikaja mvua. Ilishuka yote kwa siku chache, baada ya kiangazi kilichoacha ardhi imekauka na kuwa ngumu kama sakafu. Vyoo vyetu ni vya shimo, na maji ya ardhini yalipopanda yaliyajaza mashimo kutoka chini. Mwalimu wa zamu alifungua mlango asubuhi akakuta maji meusi yamefika usawa wa sakafu, yanapita kizingitini na kufuata mteremko. Mteremko ule unaelekea kisimani. Siku hiyo hiyo tulifunga vyoo kwa mbao na misumari, kisima tukakizungushia kamba, na watoto wakarudishwa nyumbani. Kipindupindu na homa ya matumbo havihitaji njia kubwa zaidi ya hiyo.

Walipoitwa tena shuleni, wasichana wa madarasa ya juu hawakurudi wote kwa pamoja. Mmoja alimwambia mwalimu wake waziwazi kwamba siku zake za hedhi hawezi kuzipitisha kwenye choo kisicho na maji wala komeo. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Mvua za namna hii na ukame wa namna hii hatuwezi tena kuviita ajali. Hewa ikipata joto hubeba mvuke mwingi zaidi, takribani asilimia 7 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa hiyo mvua ikianguka huanguka kwa wingi, na jua likiwaka hukausha udongo upesi. Ukijenga kwa kuufikiria ukame peke yake, mafuriko yatakubomolea. Ukijenga kwa kuyafikiria mafuriko peke yake, kiangazi kitakukuta na koki kavu. Tunataka kujenga kwa ajili ya yote mawili.

Tutaanza na vyoo. Vitainuliwa juu ya ardhi, na chini yake vitakuwa na vyumba vya zege visivyopitisha maji, viwili viwili. Chumba kimoja kinatumika hadi kijae, kisha kinafungwa na kuachwa angalau mwaka mzima huku cha pili kikifanya kazi. Kilichofungwa hukauka, vijidudu hufa, na mwishoni hutolewa kwa koleo, kikavu. Hakuna shimo la kufurika na hakuna gari la kunyonya maji taka la kusubiriwa. Vitakuwa zaidi ya mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, mahali ambapo vilistahili kuwa tangu mwanzo.

Kuhusu idadi, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka tundu 1 kwa wasichana 25, na tundu 1 kwa wavulana 50 pamoja na mahali pa kukojolea. Sisi tuna wasichana 200 na wavulana 200, kwa hiyo ni matundu 8 na 4. Choo kimoja kitakuwa na mlango mpana, njia ya mteremko badala ya ngazi, na vyuma vya kushikia, kwa ajili ya mtoto wa kiti cha magurudumu. Upande wa wasichana kutakuwa na chumba chenye koki, ndoo yenye mfuniko, na komeo upande wa ndani. Tumebishana kuhusu mambo mengi katika vikao vyetu, lakini komeo hilo hakuna aliyelipinga.

Kisima kitainuliwa ukingo na kuzungushiwa sakafu ya zege yenye mfereji wa kupeleka mbali maji yanayomwagika. Kitatiwa klorini, kisha maji yapimwe maabara. Hatutaondoa kamba hadi cheti kionyeshe kwamba katika mililita 100 za maji hakuna bakteria wa kinyesi hata mmoja.

Chanzo cha pili ni paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, hesabu ambayo wanafunzi wa darasa la tano wametufanyia wenyewe ubaoni. Paa la madarasa lina mita za mraba 300, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inaleta lita 3,000. Ukitoa yanayopotea na yale ya mwanzo yanayosafisha vumbi na vinyesi vya ndege, ambayo lazima yamwagwe, zinabaki kama lita 2,400. Kwa kunywa na kunawa, kipimo cha chini kinachotumika kwa shule wakati wa dharura ni lita 3 kwa mwanafunzi kwa siku, yaani lita 1,200 kwa shule yetu. Mvua moja ya wastani inatupa siku mbili. Matangi ya lita 80,000, yakiwa yamejaa kiangazi kinapoanza, yanatuvusha siku 66 za masomo. Ni muhula mzima.

Sasa ombi lenyewe. Tunaomba fedha, na tunaomba pia mchanga, kokoto, saruji, mabati, gata na siku zenu za kazi. Msaragambo wa kuchimba msingi utaanza wiki ya kwanza ya likizo, asubuhi na mapema. Aliye mbali na achangie kupitia ofisi ya mhasibu wa shule. Kila mchango una risiti, na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila Ijumaa, na bei za vifaa zikiwemo.

Na hapa tunaomba mtuelewe: kati ya kila sehemu 100 za fedha zitakazopatikana, 15 hazitajenga kitu. Zitakaa kwenye akaunti ya matengenezo yenye watia saini watatu, mmoja wao mzazi asiye kwenye kamati, kwa ajili ya mipira ya pampu, koki, klorini na kipimo cha maji cha kila mwaka. Tunajua wengi wangependa kuona kila kitu kimegeuka tofali. Tumekwisha kuona tofali bila mpira linafika wapi.

Tunamtafuta pia fundi wa pampu, hata kama amestaafu, aje Jumamosi mbili kuwafundisha wazazi wawili na wanafunzi wanne kufungua pampu na kuifunga. Spana tunazo. Mpira mpya tumeshaununua, uko kwenye bahasha karibu na ule wa zamani.

Kamati ya Maji na Usafi, kwa niaba ya shule