Sampo ya Subaru si kazi ya kufungwa mchana mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee kuhusu sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na wenzangu wa Subaru, hasa sisi wa Impreza WRX na STI zenye injini ya EJ. Juzi nilipeleka yangu sevisi ya kawaida tu, oili na filta, fundi ameshafungua nati oili inamwagika ndo ananiambia "boss, si tuweke ile sampo kubwa ya alumini sahii, oili si ishatoka." Nikakubali. Kosa ni langu pia, sikatai.

Sampo yenyewe si mbaya, wacha niseme hivyo kabla hamjanirukia. Hii injini imelala, silinda ziko ubavuni, ukikata kona kali oili inakimbilia upande mmoja pampu inabaki inavuta hewa, na hewa hailainishi beringi. Sampo nzuri ina vibao ndani vya kuzuia huo mkimbio. Lakini humo ndani kuna kale kabomba kenye chujio kanakofyonza oili, na kale ka kiwandani kanajulikana kila mahali kwa kupasuka pale kalipochomelewa, sababu ya mtetemo. Sasa umeshusha sampo yote halafu kabomba unarudisha kale kale? Tena sampo ikiwa na kina tofauti lazima bomba lake lilingane nayo.

Yangu nilirudishiwa bomba la zamani. Halafu silikoni ya kuziba, maana hii sampo haina gasketi, jamaa aliipaka kama siagi kwa mkate, akafunga, akamimina oili hapo hapo kabla haijakauka. Wiki mbili baadaye niko kwa jam taa ya oili inawakawaka. Tukafungua upya, chujio limejaa nyuzi za silikoni. Niliponea tu, injini haikuwa imeanza kugonga.

Kama unaitaka basi tenga siku mbili. Injini iinuliwe kidogo kutoka kwa maunti zinazoishikilia, silikoni ya zamani ikwanguliwe yote, boliti zenyewe ni ndogo za spana namba 10 usizikaze kwa hasira zitakatikia ndani, halafu iachwe ilale usiku mzima silikoni mpya ikauke. Na uliza inachukua oili kiasi gani, dipstiki ya zamani inaweza kukudanganya.

Najua wengi tulipendea hizi gari Safari Rally, McRae alivyoshinda nayo 1997 na Burns 2000, ila zile zilikuwa na timu nzima ya mafundi na bamba la kukinga sampo chini. Wewe unaenda job Thika Road na kurudi, kona kali yako ni raundabauti, hiyo pesa si ununue oili ya maana? Sampo inayoning'inia na haya matuta yetu yasiyo na rangi, ile sauti nimeshaisikia mara mbili.

Fundi sijamhama, ni mtu poa. Ila siku hizi naenda na kiti changu nakaa hapo hapo mpaka silikoni ikauke.

Msomaji wenu,
Ruiru