Mchimbaji wa kisima mwambie asubiri

Barabara ya 14, Ngamiani,
Tanga.

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi kwako, kwa mzee wako na kwa mama. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Barua yako mwanao kaniletea mwenyewe Ijumaa, nikaisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa furaha kwamba kustaafu kumefika na unarudi nyumbani. Mara ya pili moyo ukanienda mbio, maana naona watoto wamekushauri kiinua mgongo kiishie chini ya ardhi: kisima, pampu, matangi mawili, na ukuta wa kuzunguka vyote hivyo. Eti Tanga mji mdogo, huduma hakuna, bora mama ajitegemee kwa kila kitu. Shoga, nisikilize kwanza kabla hujamlipa mchimbaji.

Kiwanja chako kiko Sahare, pua na mdomo na bahari. Umesahau kile kisima cha utotoni mwetu? Chai haikuwa chai kwa ile chumvi, na sabuni ya kipande ungeisugua mpaka iishe, povu hulioni. Maji ya chini ya mwambao yangali yaleyale. Maji matamu ya mji huu yanatoka mbali, milima ya Amani, yanashuka na mto Zigi mpaka bwawa la Mabayani, yanasafishwa pale Mowe, ndipo yanafika kwangu. Jana jioni nilichota glasi moja bombani nikaiweka dirishani, nikuandikie kitu nilichokiona kwa macho yangu. Maji yametulia, unaona nyuzi za pazia upande wa pili. Sisemi hayakatiki. Yanakatika, hasa wakichimbua barabara, na ndoo mbili za akiba jikoni siziachi. Lakini nimelea watoto watano kwa bomba hili na sijawahi kununua maji ya mkokoteni ila siku za kuhesabu.

Na ujue maji hayo yana watu wanaoyalinda. Unakumbuka mkumbo wa dhahabu ya Sakale, kule kwenye milima ya Amani, mwisho wa 2003 kuingia 2004? Watu walivamia milima na masururu, wakachimbua mpaka kwenye vijito, na udongo ukawa unateremka na mto. Siku zile ndipo wengi wetu tulipotambua kwamba bomba la Ngamiani linaanzia kwenye shamba la mtu mlimani. Leo wakulima wa kando ya mito ya Zigi na Kihuhwi wana umoja wao, UWAMAKIZI, wanapanda miti na kuacha kulima ukingoni mwa mto, na mamlaka ya maji inawaunga mkono. Mimi naona hilo ni jambo kubwa sana. Mkulima wa huko akiacha mti usimame, mimi huku napika wali mweupe, na hatujawahi kuonana. Halafu mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji ikauza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa watu kwa kazi ya maji na mazingira, shilingi bilioni 53, ikaingia mpaka Soko la Hisa la Dar es Salaam, ili uzalishaji utoke lita milioni 45 kwa siku ufike milioni 60. Mji unapanuka, watu wa pembeni bado wanasubiri mabomba, na hao ndio wa kuwasemea. Sasa wewe utoboe ardhi upate maji ya chumvi, peke yako, ndani ya ukuta?

Umeuliza habari za hospitali kwa ajili ya mama. Bombo ipo palepale, juu ya jabali, upepo wa bahari unaingia madirishani kama zamani, na sasa ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Dirisha la wazee lipo. Mama hatopanga foleni na vijana. Wewe njoo na kitambulisho chake tu, na kadi yake ya bima kama anayo.

Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwaka juzi nilimpeleka mjukuu zahanati moja, jina naliacha, mtoto anachemka homa. Tumekaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka adhuhuri inaadhiniwa, ndipo tunaambiwa vitendanishi vya malaria vimeisha, tukapime nje. Nilimbeba mtoto mgongoni nikatoka nalia. Jumapili yake palikuwa na mkutano wa mtaa, nikasimama nikalisema. Kumbe si mimi tu. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja wenye kisa hichohicho, na kila mmoja alisimama akaeleza siku yake. Mtendaji akaandika yote. Miezi miwili baadaye nilirudi pale na jirani, vipimo vikawepo, na ubaoni wamebandika karatasi ya dawa zilizopo na zilizokwisha. Hiyo karatasi naitazama kila nikipita.

Ndiyo maana nakuogopea huo ukuta, shoga yangu. Pale mkutanoni, wale wanaotibiwa zahanati za kulipia hawakuja hata mmoja. Siwalaumu, hawakuwa na haja. Ila mtu akiwa na kisima chake, daktari wake na gari lake, la bomba la mtaa hatolisikia tena, hata akiwa na moyo mzuri kama wako. Na wewe ndiye uliyekuwa unatusemea darasa zima! Tunakuhitaji kwenye lile benchi.

Mjukuu wako anayependa kusoma mlete maktaba ya mkoa, ile ya Mfalme George wa Sita, iliyojengwa miaka ya 1950. Ule ua wa ndani wenye matao bado upo, na kivuli chake. Vitabu vingi vimechakaa, nakwambia kweli, na kuna rafu ukivuta kitabu jalada linabaki mkononi. Lakini ukikaribia mtihani wa kidato cha nne, ukifika umechelewa hupati kiti. Wasichana wengi wa uswahilini kwetu hawana meza nyumbani, meza yao ni ile. Zile kreti zako za vitabu vya kufundishia, usiziuze kwa kilo. Zije huku, twende nazo mimi na wewe tukawaulize wanavitaka vipi.

Barabara za mjini nyingi ni nzuri, taa zipo, na mji bado ni tambarare, mwendo wa baiskeli. Mimi na umri wangu natoka nayo sokoni Mgandini na kapu la mbaazi nyuma. Jioni watoto wanacheza Bustani ya Jamhuri, bahari mbele yao, hakuna kiingilio.

Basi usitoe hata shilingi kwanza. Njoo ukae kwangu wiki mbili na mama, chumba cha uani kitupu tangu binti yangu aolewe. Ukishuka stendi ya Kange nipigie, stendi iko nje ya mji siku hizi, nitakuja kukupokea na bajaji ya jirani. Tutakwenda ofisi ya maji pamoja tukaulize bomba kuu limepita wapi Sahare na kuunganishwa ni kiasi gani, tupate makadirio kwa maandishi uwaonyeshe watoto. Na dagaa wa Mwanza, wale wa kukaanga, niletee debe zima, tugawe mtaani.

Mchimbaji mwambie asubiri.

Ni mimi shoga yako,
wa Barabara ya 14